Kukusanya Kumbukumbu za Kasino Njiani: Las Vegas Hadi Reno kwa Barabara ya US 95

Chipu, kile kipande cha duara kinachotumika badala ya pesa kwenye meza za kasino, ukiichukua ya dola 1 kwa dola 1 haina hasara. Kasino iliyokupa unaidai hiyo dola. Ukiichoka chipu, unairudisha kwenye dirisha la keshia wa kasino ileile na unapewa noti yako. Ukiipenda, unaondoka nayo, na wenye kasino hawana kinyongo, maana deni lisilodaiwa ni faida yao. Siku kasino inapofungwa ndipo kile kipande kinapoanza kutafuta bei nyingine.

Ndiyo maana mwongozo huu una msimamo mmoja: vya kasino zilizo hai chukua vingi, tena kwa bei iliyoandikwa juu yake, vya kasino zilizokufa nunua vichache, tena ukiwa umeshajifunza kuvitambua. Anayeanza kwa kuagiza mtandaoni chipu za majengo yaliyobomolewa, kwa bei aliyopanga mtu mwingine, ameanzia mwisho.

Kwa nini Nevada, na kwa nini kwa gari

Nevada ilipiga marufuku kamari mwaka 1910, ikairuhusu tena 1931. Tangu hapo michezo hiyo imesambaa jimbo zima. Utakuta mashine za sloti, zile za kamari za kubonyeza kitufe, kwenye hoteli za vimji vya jangwani, kwenye baa, hata kwenye duka la kituo cha mafuta. Mwenye kuruka kwa ndege hadi Las Vegas na kurudi huona majumba makubwa tu. Mwenye gari hupata na yale madogo, ambayo vitu vyake vilitengenezwa vichache na havina wachuuzi wengi.

Halafu Las Vegas yenyewe ina tabia ya kujibomoa. Dunes iliangushwa kwa baruti Oktoba 1993, Sands ikafuata 1996, Stardust 2007, Riviera 2016. Tropicana, iliyokuwepo tangu 1957, ilifungwa Aprili 2024 na kuangushwa Oktoba mwaka huohuo. Mirage ilifunga milango Julai 17, 2024. Aliyepita humo mwaka mmoja kabla na kuondoka na chipu mbili tatu za dola 1 hakuhitaji ujuzi wowote. Alihitaji kuwahi tu.

Kabla ya kuwasha gari

Umri ni miaka 21. Chini ya hapo huruhusiwi kucheza wala kuzubaa karibu na mashine na meza. Watoto wanapita na wazazi wao kuelekea hotelini au mgahawani, basi. Tembea na pasipoti au kitambulisho halali hata kama una mvi, kwa sababu anayekuuliza hafanyi hivyo kwa kukudharau. Leseni ya mwajiri wake iko hatarini.

Kuhusu pesa, tenganisha bahasha mbili: ya safari na ya mkusanyo. Ya mkusanyo ijaze noti za dola 1, 5 na 20. Hii ya pili ikiisha, mkusanyo umeisha kwa siku hiyo. Nasema hivi kwa sababu kasino imejengwa ili uwe na sababu ya kukaa: saa hazionekani ukutani, njia ya kutokea inapita katikati ya mashine, na mchezaji huletewa kinywaji cha bure. Wewe una gari nje na kilomita mia kadhaa mbele. Omba maji au kahawa.

Vifaa ni vichache: bahasha ndogo za karatasi, penseli, kijitabu, kapsuli za plastiki za milimita 39 (ndio upana wa kawaida wa chipu ya Marekani), na kitochi cha mwanga wa UV. Ukiongeza boksi gumu lenye kifuniko la kuwekea karatasi zisikunjike, umemaliza.

Na kwa msomaji ambaye dini yake inakataza kamari: mkusanyo huu hauhitaji ucheze hata mara moja. Suala la kuingia mle ndani kwa ajili ya kununua tu, mtu amuulize sheikh wake. Lakini ipo njia nzima ya kukusanya kupitia makumbusho, maduka ya vitu vya zamani na maonyesho ya wakusanyaji, bila kukanyaga zulia la kasino.

Chagua unachokusanya

Usikusanye kila kitu. Gari litajaa na akili itachoka. Mpango unaofanya kazi kwa safari ni huu: kitu kimoja cha msingi kutoka kila mahali, pamoja na ruhusa ya kuokota kimoja cha ziada kikikuvutia.

Chipu ya dola 1 ndiyo ya msingi kwa wengi. Rangi za thamani zinafanana sana jimboni: dola 5 ni nyekundu, 25 kijani, 100 nyeusi, ya dola 1 mara nyingi huwa nyeupe au ya bluu. Ukiigeuza utaona mabaka ya rangi pembeni, karatasi ya nembo katikati, na kwenye ukingo wa uso alama ndogo zilizochorwa na kalibu. Kofia ndefu na bakora, kwa mfano, ni alama ya Paulson, mtengenezaji anayejulikana kuliko wote. Zizoee alama hizo, zitakuokoa baadaye. Kuanzia dola 25 kwenda juu, fikiria mara mbili: hapo unafungia pesa kabatini.

Karata zilizotumika mezani ni rahisi kupata, tena bei yake ni ya chai na maandazi. Kasino haziziachi pakiti zitoke zikiwa nzima, mtu asije akaingiza karata mezani kwa wizi; hutobolewa tundu katikati au kukatwa pembe, kisha huuzwa kwenye duka la zawadi. Usiogope lile tundu. Ni ushahidi kwamba zilishikwa na wachezaji kweli, tofauti na pakiti mpya ya urembo.

Dadu za mezani ziko tofauti kabisa na zile za ludo. Ishike moja juu kwenye mwanga: ni nyekundu inayopitisha mwanga, pembe zake ni kali kiasi cha kukwaruza kidole, na vitone vyake havina shimo, kwa sababu vimejazwa rangi hadi usawa wa uso ili uzito usiegemee upande mmoja. Ina jina la kasino na namba ya mfululizo. Ikistaafishwa, huchorwa au kupigwa muhuri wa kufuta. Dadu isiyo na alama ya kufutwa, inayouzwa na mtu barabarani, usiiguse.

Tokeni za chuma zina historia nzuri. Mashine za zamani zilikula sarafu halisi za dola, za madini ya fedha. Hizo zilipoadimika katikati ya miaka ya 1960, kasino zikaanza kuagiza tokeni zenye majina yao. Miaka ya 2000 mashine zikahamia kwenye tiketi za karatasi na mlio wa sarafu ukapotea. Leo tokeni zipo kwa mabakuli katika maduka ya vitu vya zamani, nyingi kwa bei ya kawaida kabisa. Zilizo na fedha halisi katikati, ambazo mashine maalumu zilitoa kama zawadi miaka ya 1990, ni ghali zaidi.

Hizo tiketi za karatasi nazo zisidharauliwe. Ingiza noti ya dola 1 kwenye mashine, bonyeza kitufe cha kutoa pesa bila kucheza, na itachapwa tiketi yenye jina la kasino, tarehe, saa na dakika. Hakuna kumbukumbu ya safari iliyo sahihi kuliko hiyo. Ubaya wake ni mbili: muda wa kuilipisha huisha, na maandishi yake huchapwa kwa joto, yanafifia kwenye jua. Ipige picha siku hiyohiyo na kuiweka gizani.

Vya bure pia vipo: vijiti vya kukorogea kinywaji, vikaratasi vya kuwekea glasi, kadi ya mlango wa chumba ulicholala, postikadi za mapokezi, kadi ya uanachama wa wachezaji. Omba. Kinachofungwa kwa skrubu, kisahani cha majivu cha mezani na taulo si kumbukumbu. Ni wizi, na kamera juu ya kichwa chako hazilali.

Jinsi ya kuchukua chipu mezani

Hapa ndipo wageni wengi wanaona aibu, kwa hiyo twende polepole. Nenda asubuhi, wakati meza ziko wazi. Soma kibao cha kiwango cha chini cha dau. Subiri raundi iishe. Weka noti yako ya dola 20 juu ya kitambaa, mbele yako. Usimkabidhi mchezeshaji mkononi, haruhusiwi kuipokea hivyo. Ataitandaza ionekane na kamera, atatamka kiasi kwa sauti ili msimamizi asikie, ataisukuma ndani ya tundu la meza, kisha atakuhesabia chipu. Mwambie mapema kwa adabu kwamba unakusanya, na ungependa za dola 1 zilizo safi. Wengi wao watatabasamu na kukuchagulia zenye kingo nzima.

Ukiwa hutaki kucheza, sema hivyo kabla ya kuweka noti. Baadhi ya meza watakukubalia, nyingine watakuelekeza kwa keshia. Mwachie mchezeshaji dola 1 kama asante. Yeye huishi kwa hizo. Zilizobaki peleka dirishani, kwa sababu mezani hawarudishi noti.

Njia ya mkato, na ndiyo ninayoipenda, ni chumba cha poka, ule mchezo wa karata, kama kasino inacho. Pale chipu za dola 1 zinatumika kutwa, na kuna dawati linalouza chipu bila wewe kukalia kiti cha mtu. Simu ibaki mfukoni. Picha mezani kwa kawaida zinakatazwa, na hata nje ya meza ni uungwana kuuliza.

Kumbuka pia chipu ya kasino moja haiendi nyingine. Na kasino ikifunga au ikibadilisha chipu zake, kanuni za Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Nevada huilazimisha itangaze muda wa kuzirudisha, kwa kawaida siku 120. Baada ya hapo pesa yake imekufa na imebaki thamani kwa mkusanyaji. Kwa hiyo mwenye chipu za dola 100 asilale tangazo likitoka.

Las Vegas: siku ya kwanza na ya pili

Anzia Mtaa wa Fremont, sio majumba ya Strip, ile barabara ya kasino kubwa. Golden Gate ilianza kama hoteli mwaka 1906, na El Cortez imekuwepo tangu 1941. Huko meza ni za kawaida, watu wana muda, na majina yana umri.

Kisha nenda Makumbusho ya Neon, mahali mabango ya kasino zilizokufa yalipopumzishwa. Jengo la kuingilia lilikuwa mapokezi ya hoteli ya La Concha, lililosanifiwa na Paul Revere Williams, msanifu mweusi aliyeanza kazi wakati ambapo watu wa rangi yake hawakukaribishwa kulala kwenye hoteli nyingi za mji uleule. Humo ndani utakuta bango la Moulin Rouge. Hiyo ilifunguliwa Mei 1955, hoteli ya kasino ya kwanza Las Vegas kupokea weusi na weupe pamoja, bondia Joe Louis akiwa mwenyeji wa wageni. Kabla mwaka haujaisha ilishafungwa. Lakini mwaka 1960, viongozi wa weusi na wa mji walikutana katika jengo hilohilo na kukubaliana kukomesha ubaguzi kwenye kasino za Strip.

Kwa msomaji wa kwetu, nadhani kipande cha Moulin Rouge kina uzito kuliko mlima wa chipu za majumba yanayong'aa. Kwa sababu hiyohiyo ndicho cha kuogopa zaidi kununua ovyo. Maisha mafupi maana yake vitu vichache, na vitu vichache vyenye jina kubwa huvuta waigaji.

Kama tarehe zako zinaweza kusogea, Chama cha Wakusanyaji wa Vitu vya Kasino, kilichoanzishwa 1988, hufanya maonyesho yake Las Vegas, kwa kawaida mwezi Juni. Saa mbili za kutembea kati ya meza za wauzaji huko ni darasa tosha: unashika chipu halali kwa mkono, unasikia bei, unauliza. Juni ni joto kali, hilo ulijue.

Barabarani: US 95 kuelekea kaskazini

Las Vegas hadi Reno ni karibu kilomita 700. Inawezekana kwa siku moja, lakini hiyo ni safari ya kufika. Gawanya kwa siku mbili, ulale Tonopah. Jaza mafuta kila unapoona sheli yenye watu: kati ya Beatty na Tonopah kuna kilomita kama 150 za kutotegemea kitu, na kati ya Tonopah na Hawthorne zaidi kidogo. Mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo ramani ipakue kabla.

Beatty utaijua kwa punda wake. Wanatembea mjini bila mwenyewe, wanavuka barabara wanapotaka, na usiku hawaonekani. Vimji kama hiki mara nyingi vina mashine tu bila meza, kwa hiyo usiulizie chipu. Chukua tiketi, kadi ya mlango, postikadi.

Goldfield simama hata kama huna cha kununua. Mwanzoni mwa karne iliyopita ulikuwa mji mkubwa kuliko yote Nevada kwa sababu ya dhahabu. Septemba 3, 1906, Joe Gans, bingwa mweusi wa uzani mwepesi, alipigana hapo na Battling Nelson raundi 42 kwenye jua la jangwa, akashinda Nelson alipoondolewa pambanoni kwa kupiga chini ya mkanda. Pambano liliandaliwa na Tex Rickard, mwenye baa ya kamari ya mji huo. Leo wamebaki wakazi mia chache na majengo makubwa yasiyo na kazi. Vitu vya kamari vya enzi hiyo, kabla ya marufuku ya 1910, ni vya mfupa, udongo au pembe za ndovu, na mara nyingi havina jina la nyumba. Mtu akikuuzia cha aina hiyo akisema "hiki ni cha Goldfield," muulize amejuaje. Na cha ndovu usikinunue kabisa: kukivusha mpaka ni kesi.

Tonopah ina hoteli ya Mizpah, ya mwaka 1907, iliyofufuliwa 2011. Ukilala, funguo ama kadi na karatasi zenye nembo yake zinatosha. Hawthorne kuna El Capitan, kasino ya barabarani ya mtindo wa zamani, yenye chakula cha madereva wa malori. Fallon pita ukinyoosha miguu.

Reno ndiko kwenye hazina za bei nafuu. Huko familia ya Smith ilifungua Harolds Club mwaka 1935 na kuitangaza kwa mabango ya "Harolds Club or Bust" yaliyopigiliwa kando ya barabara kuu nchi nzima. Mabango hayo yaliwalenga watu wa magari, na kasino yenyewe iligawa vitu vingi vya matangazo. Ilifungwa 1995, ikaangushwa 1999, lakini viberiti, vijiti na tokeni zake bado ziko kwenye maduka ya vitu vya zamani ya Reno na Sparks. Ukipata nusu siku, nusu saa kusini kuna Carson City, ambako jengo la zamani la kiwanda cha sarafu cha serikali sasa ni makumbusho. Kile kisa cha dola za fedha kwenye mashine kinaeleweka vizuri ukiwa hapo.

Kununua kwa muuzaji bila kupigwa

Duka la vitu vya zamani lina sheria zake. Salimia, angalia kwanza, bei uliza ukiwa umeshika vitu viwili au vitatu pamoja, ndipo "bei ya mwisho" huwa na maana. Wamarekani wengi hawajazoea kuvutana kama Kariakoo. Ukitaja punguzo la kiasi mara moja kwa upole, ama atakubali ama atakataa, na mjadala umekwisha.

Adui mkubwa ni chipu za kubuni: chipu mpya kabisa zilizotengenezwa na watu binafsi kwa majina ya kasino maarufu zilizokufa, ambazo kasino hizo hazikuwahi kuzitumia. Muuzaji anaweza asiseme uongo wowote. Ataandika tu "chipu ya Las Vegas ya zamani" na kukuacha ujidanganye. Dalili ni kuwa na seti nzima, dola 1 hadi 1,000, zote safi, zote bei moja. Nembo iliyobandikwa kama stika juu ya plastiki. Kalibu ya kampuni ambayo haikuwa na kazi enzi hiyo. Taa ya UV husaidia kwa chipu za kisasa, kwani nyingi zina alama zilizofichwa. Kwa za zamani haikuambii kitu.

Kusafisha, kuandika, kubeba

Chipu chafu: maji ya uvuguvugu, sabuni laini, mswaki laini, kausha kwa kitambaa. Usitumie spiriti wala kitu cha kung'arisha. Herufi za dhahabu hutoka na mng'ao wa chipu hufa. Tokeni ya fedha iliyofifia iache ilivyo. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu, ile ya PVC, huacha utando wa kunata kwenye chuma.

Andika jioni ileile, juu ya bahasha: mahali, tarehe, ulipewa na nani (mchezeshaji, keshia, duka), ulilipa ngapi. Mwaka ukipita, chipu mbili nyeupe zinafanana na hutakumbuka ipi ilikuwa ya wapi.

Usiache boksi ndani ya gari. Julai 7, 2024 Las Vegas ilifika nyuzi 48.9 za joto kivulini. Ndani ya gari lililofungwa ni zaidi ya hapo, karata hupinda na tiketi hugeuka nyeusi.

Viberiti vya karatasi vina utata wa ndege: kijitabu kimoja tu unaruhusiwa mkononi, na kwenye begi la kupakia chini hakuna hata kimoja. Wakusanyaji hufungua kipini, hutoa njiti, na kubaki na ganda lililonyooshwa, ambalo ndilo lenye picha. Chipu beba mkononi, usizipange kama mnara mmoja mzito, maana kwenye mashine ya ukaguzi huonekana kama kitu kigumu kisichoeleweka. Zitawanye ndani ya kapsuli juu ya begi, na afisa akitaka kuliona, fungua mwenyewe.